Kifungo

Jina lake Guzik, yaani kifungo,
cha shati, si cha jela, alisema mwanangu Radomir
siku aliponiachia kizimba, taa na mnyama,
akaenda Bergen kuchomelea meli.
"Mama, hali kingi, halii, hata hutamsikia."
Kweli. Ndiyo ilikuwa shida yenyewe:
ugonjwa usio na sauti haubishi hodi.

Februari, Lublin. Theluji hadi magotini,
na ndani bomba la joto linakausha hewa
mpaka mkate unakuwa mgumu kabla chai haijapoa.
Nilimwona amejikunyata kijitini, mweusi ti,
nikasema: maskini, baridi.
Nikaishusha taa.
Kesho yake nikaishusha tena.

Miaka ishirini na tisa niliendesha basi la umeme,
lile lenye mikono miwili ya chuma inayoshika waya
kama huyu anavyoshika kijiti, vidole viwili huku, vitatu kule.
Mikono ikiachia, nilishuka na glavu,
nikavuta kamba, nikairudisha, safari ikaendelea.
Nilidhani kila kilichokwama huondolewa hivyo, kwa mkono.

Basi ngozi yake ilipoanza kubanduka vipande
kama rangi kwenye ukuta wa choo cha stesheni,
na ya shingoni ikakataa kutoka,
niliivuta. Ndiyo. Kwa kucha.
Chini yake palikuwa pabichi, pekundu.
Jirani yangu Kunegunda akaleta mafuta ya bata bukini:
"Yalimponya marehemu mume wangu."
Sikuuliza yalimponya nini, ikiwa ni marehemu.

Alipofumba jicho mchana,
lile jicho lisilojua kutulia, likazama
kama sarafu kwenye unga,
nilimtia ndani ya boksi la viatu, chupa ya maji moto ubavuni,
boksi nikalificha ndani ya koti,
nikapanda basi langu la zamani, safari hii kama abiria.

Daktari Sieradzka ni kijana, ana mafua, hana maneno mengi.
Alimulika mgongo, akamulika kishungi,
yale madoa niliyoyaita ukungu.
"Si ukungu," alisema. "Ameungua."
Kisha: "Taa iko umbali gani?"
Nilimwonyesha kwa viganja.
Viganja vyangu vilikaribiana mno.
Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sindano ya maji chini ya ngozi. Dawa nyeupe ya kupaka
kwa ncha ya pamba, asubuhi na jioni.
"Na hiyo ngozi kuukuu usiivute. Mpe mvua, itatoka yenyewe."

Mvua! Februari!
Nikawa mimi ndiye mvua,
saa kumi na mbili asubuhi, saa saba, saa moja usiku,
kwa chupa niliyokuwa nikinyunyizia mashati kabla ya pasi.
Taulo mbichi juu ya bomba la joto.
Nyenje nimewagaragaza kwenye unga wa kalsiamu
kama maandazi kwenye sukari, naye hawatazami.

Watu humtukana: kigeugeu.
Anayehama chama huitwa kwa jina lake.
Mimi niliketi mbele ya wavu usiku baada ya usiku
nikimsihi: geuka. Geuka basi.
Kuwa kijani, kuwa njano, nikasirikie, niogope,
ila usibaki hivi, rangi ya kaa lililozimika.

Siku ya ishirini, au ya ishirini na mbili, sikuhesabu vizuri,
ngozi ya shingoni ilidondoka, nyepesi kama karatasi ya kitunguu.
Nilipoingiza mkono kuiokota alivimba,
akaachama, mistari ya kijani ikamkimbia ubavuni,
akanifokea bila sauti.
Nikalia kwa furaha ya kuchukiwa.

Doa la mgongoni limebaki.
Mwili wote ukigeuka, lenyewe haligeuki:
kijivu, duara, ukubwa wa kifungo.

Radomir alipiga simu Jumapili. "Guzik hajambo?"
"Hajambo."
"Na taa?"
"Inawaka vizuri."
Kwenye kioo cha dirisha niliona shingo yangu
ikipanda wekundu, polepole, hadi masikioni.

Futikamba ipo mfukoni mwa aproni.
Kila asubuhi napima: sentimita thelathini.
Kisha napima tena.